Kabla ya Kuigusa Imani: Mafunzo ya Juu ya Tiba ya Utambuzi na Tabia kwa Magonjwa Makali ya Akili

Mtaalamu anayeingia kwenye mafunzo haya huja na mazoea mazuri ambayo yatamponza. Amekwisha kuwatibu watu wenye hofu ya ghafla, wenye sonona, wenye wasiwasi usioisha. Anajua kuikamata fikra, kuiandika kwenye safu ya kwanza, kuuliza "una ushahidi gani?", kisha kumsaidia mteja kupata fikra yenye uwiano zaidi. Sasa amekaa mbele ya mtu ambaye kwa miaka tisa anaamini jirani zake wanampulizia sumu kupitia ukutani, tena anaamini kwa asilimia 100. Anauliza swali lile lile. Kikao cha tatu mteja haji.

Mwenye hofu ya ghafla tayari ana shaka moyoni. Upande mmoja wa nafsi yake unajua kwamba moyo hausimami, na swali lako linauunga mkono upande huo. Mwenye imani potofu iliyokomaa hana shaka ya kuungwa mkono. Anachosikia katika swali lako ni kwamba nawe umejiunga na wale wasiomwamini: ndugu, polisi, daktari wa wodini. Mbinu nyingi mtu huingia nazo mafunzoni. Anachokuja kujifunza ni mpangilio: kipi kitangulie, kipi kisubiri, na kipi kisiguswe kabisa.

Wazo la kuishughulikia imani potofu kwa mazungumzo ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1952 Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani aliyeanzisha tiba ya utambuzi, alichapisha maelezo ya mgonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili wenye sauti zisizosikiwa na wengine na imani potofu) aliyemtibu kwa mazungumzo ya namna hii, miaka mingi kabla ya kujulikana kwa kazi yake juu ya sonona. Hata hivyo vizazi vya wanafunzi viliendelea kufundishwa kwamba imani potofu haijadiliki, kwa hiyo iachwe. Leo mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unataka watu wenye saikosisi (hali ya kupoteza mguso na uhalisia) na skizofrenia wapewe nafasi ya kupata tiba hii, mtu na mtaalamu wake, angalau vikao 16 vilivyopangwa. Nafuu yake kwa wastani si kubwa. Tafiti zilizojumlishwa huiweka kati ya ndogo na ya wastani. Ni vizuri mwanafunzi alijue hilo mapema, kwa sababu anayengoja sauti zinyamaze kabisa atajiona ameshindwa wakati mteja wake ameanza kulala, kutoka nje na kula na wenzake.

Warsha ya siku mbili haitoshi. Mafunzo yenye maana yana sehemu tatu zinazokwenda pamoja: masomo darasani, wateja halisi ambao mwanafunzi anawatibu tangu tathmini hadi kuagana, na usimamizi wa kila wiki ambamo rekodi za vikao zinasikilizwa. Hiyo ya tatu ndiyo inayobadilisha watu. Mtu akisimulia kikao chake kwa mdomo husimulia alichokusudia kufanya. Rekodi husema alichofanya.

Rekodi hupimwa kwa mizani. Inayotumika sana ni CTS-R, yenye vipengele 12, kila kimoja kikipewa alama 0 hadi 6, jumla 72, na kozi nyingi huhesabu 36 kuwa mpaka wa umahiri. Mwanafunzi mwenye uzoefu akianza na wateja wa saikosisi, alama huanguka hasa kwenye kasi na kwenye ushirikiano. Anakimbia. Mteja ametoa sentensi moja yenye mambo manne, kila jambo lingestahili dakika tano, naye anachukua lile linalofanana na fikra ya kuandikwa kwenye jedwali. Msimamizi mzuri hasikilizi rekodi yote ya dakika 50 kwa uzito mmoja. Humwambia mwanafunzi achague dakika 10 alizohisi anapotea, aje nazo pamoja na swali moja lililoandikwa. Mwanafunzi anayeleta kila mara kikao chake kizuri kuliko vyote anapoteza muda wa wawili.

Hebu tuangalie dakika moja kwa karibu. Mfano huu nimeutunga kwa ajili ya kufundishia. Mteja ni mama wa makamo anayeamini kwamba jirani huwasha mashine usiku ili wamdhuru; mtaalamu ni kijana. Katika rekodi ya kwanza:

— Una uhakika gani kwamba ni wao, mama?
— Kwani nawe huniamini?
— Nakuamini, ila tunatafuta ushahidi tu.
— Haya.

"Haya" hiyo ni mlango uliofungwa kwa adabu. Sasa rekodi ya pili, mama yule yule:

— Jana usiku ilikuwaje hasa, mama?
— Waliwasha tena. Saa nane.
— Ulijuaje kwamba wamewasha?
— Ule mlio. Halafu kifua kikabana.
— Mlio ulitangulia, kifua kikafuata?
— Ndiyo. Hapana... kifua kilianza. Nilikuwa macho tayari.
— Ulikuwa macho unafanya nini?
— Nawasikiliza kama wameanza.

Hakuna aliyempinga. Hakuna aliyekubali kwamba jirani wana mashine. Lakini kwa maswali manne tumepata mambo ambayo fomu ndefu isingeyatoa: mama halali, usiku anakaa ametega sikio, kifua hubana kabla mlio haujasikika, na mwili wenye hofu usiku wa manane hugundua kila sauti ya jengo. Kazi inaweza kuanza kwenye usingizi na kwenye kule kutega sikio. Swali la nani yuko nyuma ya ukuta linaweza kungoja wiki kumi, na wakati mwingine halihitaji kuulizwa kamwe.

Lakini mama atauliza, "Unaniamini?" Jibu lazima liwe limefanyiwa mazoezi darasani, kwa sababu likija ghafla watu hudanganya au hubishana. Lile ninaloliona la haki ni hili: "Naamini kwamba hulali, na hofu unayoniambia ni ya kweli. Chanzo cha mlio bado sikijui. Ningependa tukichunguze wote wawili." Ukisema "naam, wanakufanyia" kwa huruma, umeingia ndani ya imani na siku moja atakuuliza umechukua hatua gani.

Vikao vinne hadi sita vya mwanzo ni vya kujenga uhusiano na kuelewa. Hapa kozi hufundisha mambo madogo yasiyo na jina kubwa. Kikao kinaweza kuwa cha dakika 25 badala ya 50, kwa sababu dawa zinachosha na umakini ni mfupi. Mteja achague kiti, mara nyingi kile kilicho karibu na mlango. Kama sauti zinazungumza wakati wa kikao, uliza: "Zinasemaje juu ya mimi kukaa hapa?" Wanafunzi huogopa swali hilo. Bila kuliuliza, unaweza kuzungumza nusu saa na mtu anayeambiwa sikioni kwamba wewe ni adui. Muhtasari wa kikao uandikwe kwenye kadi kwa maneno ya mteja, mistari mitatu isizidi, aende nayo. Mwenye shida ya kumbukumbu hatakumbuka hekima ya Jumanne itakapofika Alhamisi.

Kwa kupima dalili, mizani iitwayo PSYRATS inatosha kuanzia: maswali 11 juu ya sauti na 6 juu ya imani potofu, kila moja 0 hadi 4. Inatenganisha vitu ambavyo watu huvichanganya: sauti huja mara ngapi, inadumu kwa muda gani, ina ukali gani, inamuumiza kiasi gani, na mteja anaona ana uwezo gani juu yake. Sauti inaweza kuja mara zile zile kila siku huku maumivu yakishuka kutoka 4 hadi 1. Huo ni ushindi, nayo mizani inauonyesha pale macho ya familia yasipouona. Kosa la kawaida ni kuisoma mizani kama karatasi ya polisi. Maswali yaingizwe katika mazungumzo, alama zijazwe baadaye.

Kisha huja ramani ya tatizo, yaani mchoro unaoonyesha jinsi tukio, tafsiri, hisia, mwili na matendo vinavyolishana. Kwa mama yetu: giza na ukimya, "wataanza sasa", hofu, kifua kubana na masikio kuwa makali, kukaa macho na kuziba ukuta kwa matambara, uchovu wa kesho, kisha usiku mwingine wenye hofu zaidi. Duara moja. Anayefurahia nadharia huongeza utoto, kufiwa, imani za msingi, mishale kumi na minne, na kumwonyesha mteja kikao cha nne. Mteja huona maisha yake yote yamechorwa kama hitilafu. Ramani ya kwanza iwe ndogo kiasi cha kuchorwa kwa kalamu moja na mteja mwenyewe. Historia itaongezwa atakapoanza kuuliza "kwa nini mimi?"

Kuhusu imani zenye hofu ya kudhuriwa, kazi ya mwanasaikolojia wa Uingereza Daniel Freeman na wenzake imebadilisha sana mpangilio wa tiba. Badala ya kuigonga imani usoni, wanashughulikia vinavyoilisha: usingizi mbovu, wasiwasi wa kujizungusha akilini, kujiona duni, sauti zinazoitia nguvu, na tabia za kujikinga ambazo humnyima mtu nafasi ya kujifunza kwamba yuko salama. Mteja huchagua aanze na kipi. Kwa wengi usingizi ni mlango rahisi: muda mmoja wa kuamka kila siku, kitanda kiachwe kwa ajili ya kulala, shughuli na mwanga mchana. Mtaalamu anayeona hayo ni madogo mno kwa "ugonjwa mkubwa" hajakaa na mtu ambaye hajalala vizuri kwa mwaka mzima.

Kwa sauti, wanasaikolojia Paul Chadwick na Max Birchwood walionyesha mwaka 1994 kwamba maumivu hufuata anachoamini mtu juu ya sauti yake, na hayafuati maneno yake pekee. Kwa hiyo andikeni mambo manne: ni nani, inataka nini, ina nguvu kiasi gani, na kutatokea nini nisipoitii. La nguvu ndilo la kuanza nalo. Chukua mteja ambaye sauti humwamuru agonge mlango mara tatu kabla ya kutoka, la sivyo ndugu yake atapata ajali. Jaribio la kitabia hujengwa hivi. Kwanza andika utabiri kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na muda: "Nisipogonga, atapata ajali kabla ya saa kumi na mbili jioni." Pima uhakika, tuseme asilimia 95. Andika maelezo mbadala hata kama anayapa asilimia 5 tu. Kubalianeni hatua: leo kuchelewesha kugonga kwa dakika moja, kesho dakika tano, wiki ijayo kugonga mara moja, na hatimaye kutogonga. Kubalianeni mapema matokeo gani yatahesabiwa kuwa nini. Baada ya muda kufika, rudini kwenye karatasi, pimeni tena.

Majaribio haya huharibika kwa njia zinazojirudia. Utabiri usio na tarehe hauwezi kukosea. "Siku moja watanidhuru" haupimiki. Kinga iliyofichwa nayo huua jaribio: mteja hakugonga mlango, lakini alihesabu hadi tatu kimoyomoyo, na sasa anaamini kuhesabu ndiko kulikomwokoa ndugu. Uliza kila mara, "Ulifanya nini kingine ili mambo yaende salama?" Kosa la tatu ni la mtaalamu anayevunjika moyo uhakika ukishuka kutoka 95 hadi 80. Kwa imani ya miaka mingi, huo ni ufa mkubwa.

Kuna jambo ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kufundishwa kabla ya mbinu yoyote ya kupima ushahidi. Kabla hujaitikisa imani, jiulize: hii ikianguka, mteja atabaki na nini? Anayeamini kwamba serikali nzima inamfuatilia angalau ni mtu muhimu. Ukimwondolea hilo na kumwachia "kumbe mimi ni kichaa", umefungua njia ya sonona, na sonona inayofuata saikosisi ina hatari ya kujiua. Kwa hiyo maelezo mbadala hujengwa kwanza, na yawe yanayovumilika. Kukosa usingizi siku nyingi, kufiwa, kutengwa, kuumizwa utotoni: haya yanaweza kumfanya mtu yeyote asikie sauti au aone vitisho. Mteja akielewa kwamba akili yake ilikuwa inajaribu kumlinda baada ya mambo mazito, ana pa kutua. Hatari ya kujiua iulizwe waziwazi, kwa maneno kamili, na zaidi ya mara moja. Vivyo hivyo amri za sauti za kujidhuru au kudhuru wengine: amewahi kuzitii, ana mpango, ana kifaa karibu? Hapo mtaalamu hafanyi kazi peke yake; timu yote ijue siku hiyo hiyo.

Dawa ni eneo ambalo wanafunzi huteleza pande zote mbili. Tiba hii kwa kawaida huenda sambamba na dawa. Mteja akitaka kuziacha, mtaalamu asiwe wakili wa dawa wala wa kuziacha. Achunguze naye faida na madhara, kisha amsaidie kuandaa maswali ya kumpelekea anayemwandikia. Kuziacha ghafla kuna hatari, na hilo lisemwe bila kuzungusha.

Ugonjwa wa baipola, ambao hali ya moyo hupanda kupita kiasi na kushuka hadi sonona, una mtego wake. Mwanafunzi aliyezoea sonona hupanga shughuli nyingi zaidi kila wiki ili kumwinua mteja. Kwa mtu wa baipola, ratiba inayopanda bila kikomo inaweza kumsukuma hadi juu kupita kiasi. Shughuli zipangwe kwa uwiano, na chati ya hali ya moyo ijazwe kila siku, kwa mfano kutoka −3 hadi +3, pamoja na saa za kulala. Usingizi ukipungua na mteja asijisikie kuchoka, hiyo ni ishara ya kuchukuliwa kwa uzito. Kazi kubwa hapa ni dalili za awali: kila mtu ana zake, na huwa ndogo za kushangaza. Mmoja huanza kupiga simu kwa watu wa zamani. Mwingine muziki unaanza kuwa na rangi. Ziandikwe kwa undani huo. "Kuchangamka kupita kiasi" haisaidii, maana aliyechangamka haoni kwamba amepita kiasi. Fikra za kupimwa zinabadilika pia: katika kupanda, swali ni "wazo hili litakuwaje likingoja saa 48, na watu wawili ninaowaamini wanasemaje?"

Dalili hasi, yaani kukaa kimya, kutotaka, kutotoka, hazipewi muda wa kutosha kwenye kozi nyingi. Mara nyingi mtu haamini kwamba ataweza au kwamba atafurahia. Kwa hiyo akadirie furaha kabla ya tendo dogo, kwa 0 hadi 10, kisha apime wakati wa tendo lenyewe. Makadirio yake mara nyingi huwa chini ya alichopata, na pengo hilo linaandikwa. Tendo liwe dogo kweli: kusimama mlangoni dakika mbili, siyo "kujiunga na kikundi". Hakikisha pia kwamba unachokiona si ulegevu wa dawa, wala mtu aliyejifungia kwa sababu sauti zimemkataza kutoka. Kila kimojawapo kina tiba yake.

Kwa usimamizi, saa moja kwa wiki iliyo imara ni bora kuliko siku nzima kila baada ya miezi miwili. Mwanafunzi huhitaji pa kupeleka hofu yake mwenyewe, kwa sababu hofu hiyo husikika kwenye rekodi: anaharakisha, anacheka pasipochekesha, anageukia fomu mteja anapotaja kifo. Msimamizi ambaye yeye mwenyewe hajatibu saikosisi hawezi kusaidia sana hapa hata akiwa bingwa wa wasiwasi. Atasahihisha mbinu na kukosa kasi.

Vikao vya mwisho, vitatu au vinne, ni vya karatasi moja ya kuzuia ugonjwa kurudi. Upande mmoja dalili za awali katika hatua tatu, kutoka ile ambayo mteja pekee anaijua hadi ile ambayo kila mtu anaiona. Upande wa pili, kwa kila hatua, nani anafanya nini ndani ya siku ngapi, na namba ya kupiga. Mteja aisome kwa sauti mbele ya ndugu aliyemchagua, na kila neno ambalo ndugu huyo hakulielewa lifutwe na kuandikwa upya kabla ya nakala kutolewa: moja kwa mteja, moja kwa ndugu, moja kwenye faili.